Lozan Chakarov na Herufi Aliyoiita Pogacha

Marehemu Lozan Chakarov alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1941 mjini Dolna Slivitsa, mtoto wa pekee wa mwokaji mikate Stamen na mkewe Yovka. Alisoma shule ya hapa mjini, kisha akaenda Sofia kusomea uchoraji wa herufi, akahitimu mwaka 1964.

Aliporudi aliajiriwa kwenye kiwanda cha uchapaji. Huko alibuni aina yake ya herufi, akaiita Pogacha, jina la mkate wa mviringo uliookwa na babaye. Kila herufi ilikanyaga chini kwa nyayo nene, lakini kona zote zilikuwa laini, kama unga uliokwisha kuumuka. Ilipamba chupa za jamu, mabango ya sherehe za shule na vitabu vya watoto wanaoanza kusoma.

Mwaka 1969 alimwoa Rusanka. Alipomwonyesha Pogacha mara ya kwanza, binti huyo alimtania, "Herufi zako zimeshiba, Lozan. Wewe mwenyewe mbavu nje." Tangu wafunge ndoa hakulala njaa.

Julai 1994 maji ya bomba yalianza kunuka. Manispaa ikamwagiza achape tangazo kwamba ni salama, tena kwa Pogacha. Lozan aliuliza kama yamepimwa. Afisa akasema tu, "Mzee Lozan, watu hawasomi, wanatazama tu. Hiyo yako wanaiamini."

Akachapa. Mji ukanywa. Wengi waliugua, na jirani yake, Mzee Genko, akafa. Kera, binti wa Genko, alikuja kuagiza karatasi ya msiba, ile yenye picha ya marehemu, ya kubandika langoni. Hakupaza sauti.

"Ningeona ile herufi nyembamba ya serikali, ningechemsha maji," alisema. "Hii yako nimekua nikiiona kwenye jamu. Baba usimwandikie kwa hiyo."

Lozan aliitaka manispaa ikiri kosa kwa herufi ileile iliyodanganya watu. Ikakataa. Alipotaka kukiri mwenyewe, familia ilimsihi anyamaze, kwa kuwa kazi za manispaa ndizo zilizoilisha na kuisomesha. Akanyamaza. Aibu hiyo si ya marehemu peke yake. Wenye nayo wamesimama hapa kaburini, wamevaa vizuri.

Mwaka 2016 mikono yake ilianza kutetemeka. Januari 2019 alipatwa na nimonia. Akiwa kitandani aliomba jambo moja tu: tangazo lile lisahihishwe. Alifariki tarehe 9 Februari alfajiri, Rusanka akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Rusanka, binti, Desislava, na wajukuu, Ognyan na Milka. Leo asubuhi, kwenye malango na miti ambako watu walitarajia kuiona picha yake, wajukuu wamebandika karatasi isiyo na picha, iliyochapwa kwa Pogacha: "Maji yale hayakuwa salama. Niliuliza, sikujibiwa, nikachapa. Lozan Chakarov."

Ya kwanza ilibandikwa langoni kwa Kera. Alitoka, akaisoma mpaka mwisho, hakuibandua.

Mungu amsamehe Lozan, amlaze kwa amani.