Kura Iliyosahihishwa kwa Kalamu Nyekundu

Tarehe 30 ya mwezi huu, kengele ya mwisho itakapogongwa saa tisa na nusu alasiri, mwalimu wetu wa Uraia atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja, miezi saba na siku kumi na mbili ya kufundisha katika shule hii. Hesabu hiyo ni yangu mimi karani, niliyepewa kazi ya kusoma risala hii ya kumuaga anapostaafu, na nimeirudia mara mbili kwa sababu najua ataihakiki. Wanafunzi wanamwita Mama Kanuni. Walimu nao wanamwita hivyo hivyo, ila akishatoka.

Wiki yake ya kwanza kazini aliokota stoo sanduku la mbao lililokuwa la chaki, akampelekea seremala alitoboe tundu juu. Tundu lenyewe ni jembamba, karatasi haipiti mpaka ikunjwe mara mbili. Akalitia kufuli mbili: ufunguo mmoja ukabaki kwake, wa pili akampa karani wa wakati huo. Makarani wawili walionitangulia waliurithishana, nami nilikabidhiwa siku niliyoajiriwa, kabla hata ya kuonyeshwa meza yangu.

Kila mwaka amekigeuza Kidato cha Pili kuwa nchi. Chumba namba tisa kilikuwa na bendera, katiba ya kurasa nne, na mpaka uliochorwa kwa chaki mlangoni. Madawati ya dirishani yalikuwa Bunge, ya mlangoni Serikali, na ya nyuma Mahakama, kwa sababu, alivyoeleza, kule nyuma ndiko kwenye utulivu na hata usingizi hauna kelele. Alikuwa akiwaambia kwamba taifa si watu wanaofanana, ni watu waliokubaliana kugombana kwa utaratibu.

Mkaguzi wa shule hatasahau mpaka ule. Alipotaka kuingia darasani alisimamishwa na raia wawili wenye umri wa miaka kumi na minne, wakamuuliza ametoka wapi, amefuata nini, na atakaa siku ngapi. Mwalimu Mkuu alikuwa nyuma yake akitokwa na jasho na kuwakonyeza watoto wamwache baba wa watu apite. Watoto wakamjibu kwa adabu kwamba hata yeye, shikamoo mkuu, hati yake ya kusafiria ilikwisha muda tangu muhula uliopita. Kwa saa yangu, mkaguzi alisimama mlangoni dakika kumi na moja. Katika ripoti yake aliandika kwamba somo linaeleweka vizuri, na kwamba aliondoka kabla viza yake haijaisha.

Mahakama nayo ilimtoa jasho Mama Kanuni mwenyewe. Ijumaa moja ilitamka kwamba kazi ya nyumbani ya mwisho wa wiki inavunja ibara ya tatu ya katiba ya darasa, inayompa kila raia haki ya kupumzika. Mwalimu akakata rufaa. Akashindwa. Tangu siku hiyo, miaka kumi na tisa sasa, Kidato cha Pili hakijawahi kupewa kazi ya Uraia siku ya Ijumaa, na mwalimu wa Hisabati hajawasamehe mpaka leo.

Lakini siku ninayotaka ibaki kwenye kumbukumbu za shule ni Jumatano tarehe 14 Machi, miaka tisa iliyopita.

Muhula ule bodi ya shule ilikuwa imepanga kuamua kama chumba namba tisa kigeuzwe stoo ya vifaa vya michezo. Mwalimu pekee mwenye haki ya kusema mbele ya bodi ni mwenyekiti wa Kamati ya Walimu, yule yule anayetunza ufunguo wa kabati la chai. Mama Kanuni alikuwa ameshikilia kiti hicho miaka kumi na mmoja. Safari hii alipata mpinzani: mwalimu wa michezo, kijana mwenye filimbi shingoni na maneno matamu, aliyeahidi kwamba chai ya saa nne itatolewa saa tatu na nusu. Na ni yeye aliyekuwa akikitaka chumba kile kwa ajili ya mipira yake. Kwa hiyo kila mtu alijua: Mama Kanuni akishindwa, bendera inashuka na mipira inaingia.

Uchaguzi ulifanyika ofisi ya walimu, mimi nikiwa msimamizi. Kama desturi yake, mwalimu alileta wanafunzi sita wa Kidato cha Pili wawe waangalizi. Walikaa kwenye benchi karibu na mlango, kila mmoja na daftari lake, wakitutazama kama tuliofaulu kwa mashaka.

Wapiga kura walikuwa ishirini na wawili. Nilihesabu kwa sauti. Mwalimu wa michezo alipata kumi na moja. Mama Kanuni alipata kumi. Nikaikunjua karatasi ya mwisho.

Ilikuwa na tiki nyekundu mbele ya jina la Mama Kanuni. Chini ya tiki kulikuwa na maneno: “Umejitahidi. Ongeza bidii.” Chini ya maneno kulikuwa na sahihi, na chini ya sahihi, tarehe.

Wakati anaitwa kupiga kura alikuwa katikati ya kusahihisha mitihani ya Kidato cha Nne, karatasi ya themanini na kitu. Mkono ukaenda wenyewe. Alijipigia kura, akajisahihisha, akajitia moyo, akaweka sahihi. Na mimi, kwa kuwa kanuni zinamtaka msimamizi asome kila kilichoandikwa, nilisoma kila kilichoandikwa.

Kicheko kilichofuata kiliwafikia wapishi jikoni. Mwalimu wa Jiografia ilibidi ashikwe bega asianguke kwenye kiti. Mtu mmoja akauliza kwa nini hakujipa maksi kabisa, mwingine akajibu labda anasubiri marekebisho.

Kisha watu wakakumbuka kanuni ya saba, kicheko kikakatika. Kanuni ya saba inasema kwamba kura yenye jina, sahihi au alama yoyote inayomtambulisha aliyeipiga imeharibika. Ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya kabati la chai, kwa mwandiko wa Mama Kanuni mwenyewe. Kura ile ikihesabiwa, matokeo ni sare na uchaguzi unarudiwa baada ya wiki moja. Wiki moja ingemtosha sana, maana anajua nyumbani kwa kila mtu. Isipohesabiwa, ameshindwa kwa kura moja, ya kwake.

Mwalimu Mkuu akashusha sauti, akashauri jamani tuyamalize humu humu ndani, nia ya mama inaonekana, hakuna asiyejua alimtaka nani. Hata mwalimu wa michezo, nimpe haki yake, alisema dada yetu huyu ahesabiwe tu, yeye hataki ushindi wa kuchekesha. Mtu fulani akapendekeza watoto watoke nje kidogo.

Mama Kanuni akasema watoto wasitoke. Akasimama, akavaa miwani, akaenda mpaka ukutani, akaisoma kanuni ya saba kwa sauti yake ya darasani, polepole, kama anayeisikia mara ya kwanza. Akanigeukia, akaniuliza msimamizi nasubiri nini. Nikagonga muhuri wa IMEKATALIWA. Muhuri ukakaa upande.

Alivua kamba ya ufunguo wa kabati shingoni, akamvika mwalimu wa michezo juu ya filimbi yake, akampa mkono. Alisema kwa miaka ishirini na miwili amefundisha kwamba aliyeshindwa humpongeza mshindi, na hakuwahi kuwaambia wanafunzi kwamba mkono unakuwa mzito hivi. Aliwaomba waangalizi waandike na hilo. Katika shajara yangu ya siku hiyo nina mistari miwili tu: saa nane na dakika arobaini na saba mchana, kura moja imekataliwa, saa nane na dakika hamsini na mbili, ameikubali.

Kipindi kilichofuata kilikuwa chake. Wanafunzi walisimulia kwamba kwa dakika kadhaa aliwapa mgongo, akifuta ubao ambao tayari ulikuwa safi.

Mmoja wa waangalizi aliandika kwamba uchaguzi ulikuwa huru na wa haki, isipokuwa chai ilichelewa. Alipewa nane juu ya kumi, kwa sababu hakutaja saa ambayo sanduku lilifungwa.

Bodi ilipokutana, mwenyekiti mpya alisimama na filimbi yake, na kila mtu akajua ataomba stoo. Akasema mwalimu aliyeitupa kura yake mwenyewe mbele ya wanafunzi hawezi kunyang'anywa chumba na mtu aliyeshinda kwa kura hiyo, na kwamba akikichukua, atawaambia nini watoto wa mpira kuhusu kucheza kwa haki. Chumba namba tisa kikabaki cha Uraia hadi leo. Mipira ikahamishiwa ofisini kwangu, na hadi leo iko ofisini kwangu. Sitoi malalamiko. Naweka kumbukumbu.

Mumewe, fundi saa, ametuambia kwamba nyumbani nako mambo huamuliwa kwa kura, na kwa kuwa wapiga kura ni wawili, kwa miaka mingi matokeo yamekuwa sare na uamuzi wa mwisho umekuwa wa mama. Tunampa pole mapema, kwani sasa vikao vitakuwa vya kutwa.

Mama Kanuni, haya yanayofuata huyajui. Ijumaa iliyopita, ulipokuwa darasani, tulilitoa sanduku lako na kupiga kura ya siri, kisha tukalifungua kwa ufunguo wangu na ule wako uliouacha mezani. Swali lilikuwa moja: uondoke au usiondoke? Naripoti kwamba kura zilizopigwa ni ishirini na sita, kura halali hakuna, zilizoharibika ni ishirini na sita. Kila moja imeandikwa kwa kalamu nyekundu, ina sahihi na tarehe. Nimezikataa zote kwa mujibu wa kanuni ya saba, na kwa kuwa hakuna matokeo, sheria ya umri wa kustaafu inabaki ilivyo. Tumejaribu.

Kanuni ya kumi na moja inataka kura zichomwe baada ya siku thelathini. Mwaka ule nilichoma ishirini na moja. Ya ishirini na mbili, yenye muhuri uliokaa upande, utaipata leo ndani ya fremu, na naiomba Mahakama ya nyuma ya darasa inihurumie.

Asante kwa miaka yote hiyo. Nenda na afya, na amani, na Ijumaa zisizo na kazi ya nyumbani. Zile kura ishirini na sita zitakuwa ndani ya bahasha iliyo nyuma ya fremu. Utakapozikunjua nyumbani, utaona kwamba hatukukubaliana uondoke au ubaki, lakini chini ya tiki wote tumeandika maneno yale yale: “Umejitahidi. Sasa punguza bidii.”