Mama Faili wa Dirisha la Pili, na Binti Yake

Ndugu waombolezaji, wasifu nitakaousoma si ule uliochapishwa kwenye karatasi mlizoshika. Huo uliandikwa na familia, na sehemu kubwa ni sahihi. Ila orodha yake ya mwisho imemwacha mtu mmoja, na mtu huyo hajui kama Jumatatu atakuwa bado na mahali pa kulala. Mimi ni rafiki wa marehemu. Tulifanya kazi pamoja katika masjala ya mahakama kwa miaka thelathini na miwili, hadi nilipostaafu. Naomba mnivumilie.

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Mama Faili, alizaliwa tarehe 14 Juni 1964, mtoto wa tatu kati ya wanne wa fundi seremala na mkunga wa zahanati. Siku hiyo mkunga aliyeitwa alichelewa, na mama akajizalisha mwenyewe. Alipenda kusimulia kwamba huyu alikuja bila kungoja ruhusa ya mtu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1972. Akiwa darasa la tano alipewa kazi ya kuandika majina ya wapiga kelele, na mwalimu aliporudi akakuta orodha ya watu kumi na mmoja, wa kwanza akiwa mwandishi mwenyewe. Alichapwa pamoja na wenzake, na kazi akaachiwa hadi mwisho wa mwaka. Alimaliza sekondari mwaka 1982, akasomea uhazili kwa miaka miwili.

Tarehe 4 Februari 1985 aliajiriwa masjala, akapangiwa dirisha la pili, la ndoa na mirathi. Dirisha hilo lilikuwa na nondo, na tundu la kupitishia karatasi lilikuwa chini mno, hivyo mwanamke aliyesimama nje alilazimika kuinama ili asikike. Aliomba tundu lipandishwe, akajibiwa kwamba hakuna fungu. Akamwomba baba yake atengeneze benchi fupi, likawekwa nje, ili mwenye shida aieleze akiwa amekaa.

Aliolewa mwaka 1991 na dereva wa lori. Ndoa ilidumu miaka sita na hawakujaliwa mtoto. Ilipovunjika alijiandikia mwenyewe madai ya talaka, akatoka nje na kukaa kwenye benchi kama wengine, akangoja zamu yake, na mimi nikampokea dirishani kana kwamba simjui. Alicheka sana siku hiyo, kisha akaenda chooni kulia. Mwaka 1999 alimaliza kujenga nyumba ya vyumba viwili kwa mshahara wake.

Sasa naja kwenye siku ambayo karatasi yenu haina. Jumanne tarehe 9 Septemba 2003 alifika mwanamke muuza vitambaa, jicho moja limevimba hadi kufumba, amembeba binti wa miaka mitatu. Alitaka amri ya kumzuia mumewe asimkaribie. Taratibu zilitaka cheti cha ndoa kiambatanishwe. Marehemu alikuwa mtu wa taratibu. Alimwambia, "Kalete cheti kwanza, mdogo wangu. Mtoto mwache hapa, nitakungoja."

Mwanamke akarudi nyumbani kuchukua cheti. Mumewe alikuwepo. Saa kumi jioni polisi walikuja kuuliza kama kuna anayemjua. Tulipofunga ofisi mtoto alikuwa bado kwenye benchi. Mimi nilikuwa meza ya pembeni, nilisikia kila neno, na ningesema vilevile.

Baba alifungwa kwa kumuua mkewe, na akafia gerezani. Ndugu wa pande zote mbili walitafutwa, hakuna aliyejitokeza. Marehemu alikuwa ameshamchukua mtoto tangu jioni ile.

Kuanzia hapo hakumdai mtu cheti kabla ya kumsikiliza. Aliandika madai kwenye karatasi yoyote iliyokuwa karibu, akataja majirani kuwa mashahidi, akagonga muhuri, na vyeti vikafuata baadaye. Wakubwa hawakupenda. Mwaka 2009 walimhamishia chumba cha majalada ya zamani, chini kabisa ya jengo. Wanawake wakamfuata hukohuko, na kabla ya wiki mbili foleni ilikuwa imejaa ngazi nzima, mawakili wakilalamika hawana pa kupita. Mwaka 2011 kanuni ilibadilishwa, ikawa amri ya ulinzi haihitaji tena cheti siku ya kwanza. Barua ya kuomba mabadiliko hayo ilikuwa na kurasa arobaini. Thelathini na nane aliandika yeye. Mbili niliandika mimi, naye akazisahihisha.

Lakini mtu huyu aliyewafungulia wengine majalada yasiyo na idadi hakuwahi kufungua la kumwasili binti yake. Fomu ilimtaka aeleze jinsi mtoto alivyofika mikononi mwake, na kila alipofikia mstari huo aliweka kalamu chini. Nilimkumbusha mara nyingi, mwishowe nikachoka. Hilo najilaumu nalo.

Novemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Alikuwa ametokwa na damu miezi minane bila kumwambia mtu. Aliumia sana, na sitayapamba maumivu yale. Machi mwaka huu, akiwa kitandani, alimweleza binti yake habari za siku ile ya Septemba. Binti ameniruhusu niyaseme haya. Binti akamuuliza, "Kwa hiyo ulinichukua kwa sababu ya kosa lako?"

Marehemu akamjibu, "Wiki ya kwanza, ndiyo. Halafu ukaugua surua, nikasahau."

Alifariki Jumamosi tarehe 2 Agosti 2025, saa tatu asubuhi, binti yake akimlowesha midomo kwa pamba.

Jana kaka yake mkubwa alinieleza kwa upole kwa nini orodha iko vile ilivyo, na kwa nini nyumba inarudi kwa ndugu. Alisema, "Dada, nakuheshimu, lakini yule ni mtoto wa watu. Cheti chake kiko wapi?" Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa ndani ya dirisha nikiuliza swali hilohilo.

Hata hivyo, marehemu alituonyesha jambo moja. Orodha ya wafiwa inayosomwa msibani mbele ya jamaa, na isipopingwa, hakimu huipa uzito. Wapo wajane humu ambao bado wanalala kwenye nyumba zao kwa sababu ya karatasi kama hiyo. Kwa hiyo naisoma, na karani wa sasa wa dirisha la pili ameketi pale nyuma, anaandika.

Marehemu ameacha kaka wawili, mdogo wake wa kike, watoto saba wa ndugu zake, na mtoto mmoja: binti yake, fundi umeme, mwenye miaka ishirini na mitano, aliyekaa upande wa kulia wa jeneza. Anayepinga kwamba huyu ni mtoto wake, asimame apinge sasa, mama yake angali juu ya ardhi.

Kama hayupo, twendeni tukampumzishe kwa amani.