Mzee Wakhungu na Gari Jekundu Lililotupa Mkia

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Mzee Noah Wakhungu atatundika ovaroli yake kwa mara ya mwisho hapa Gereji ya Barabara Mbili, Kitale, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Alikuja mwaka 1991 akiwa kijana kutoka Bungoma. Anaondoka akiwa fundi mkuu wa springi na magurudumu, babu wa wajukuu kadhaa, na mtu pekee ninayemjua anayeweza kukoroma chini ya lori ambalo injini yake bado inanguruma. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Chepkemoi, fundi mwenzake, niandike wasifu wake. Nimeamua kuandika ule wa kweli, maana yeye mwenyewe hapendi kutu iliyopakwa rangi.

Alianza kwa kuosha vyuma. Baadaye akafundishwa kupanga magurudumu yaelekee mbele sawasawa, kazi tunayoiita alaimenti, na hapo ndipo kipaji chake kilipojitokeza. Alifanya kazi Kitale, akapelekwa tawi letu la Bungoma, akarudishwa tena Kitale. Huko Bungoma sifa zake zilivuma hadi waendesha baiskeli za abiria wakawa wanamletea baiskeli zao awapangie magurudumu. Aliwapangia, lakini kwanza aliwagombeza.

Na kugombeza anajua, jamani! Si mpole, na tusidanganyane kwa kuwa leo kuna keki. Ukiegemea gari lililo juu ya jeki, utasikia jina lako na la ukoo wako mpaka mtaa wa Kibomet. Kujisifu nako hajambo. Siku moja pasta fulani alileta gari akilalamika kwamba nyuma kunalia kama kengele, na tayari mafundi wawili walikuwa wamefungua shokomzoba bila kuona kitu. Mzee aliingiza mkono chini ya kiti akatoa kifuniko cha sufuria kilichosahauliwa na akina mama wa kanisa. Hadithi hiyo ameisimulia mara nyingi sana, na kila mwaka kifuniko kinazidi kuwa kikubwa.

Lakini jambo linalofanya tumheshimu si kifuniko cha sufuria. Ni gari jekundu la Bwana Kipkemboi, na katika habari hiyo mimi nimo.

Bwana Kipkemboi ni mkulima wa Kapsokwony. Tangu utotoni alitamani gari la mbio, lile la viti viwili linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Mwaka 2014 Mungu alimjalia, akalipata. Taabu ikawa njia ya kwake. Baada ya lami kuisha kuna mlima, mawe na makorongo, na gari lenyewe tumbo lake lilikuwa karibu kugusa ardhi. Likawa linakwaruza kila siku. Akalileta kwetu, nasi tukafanya kile ambacho kila gereji ya huku hufanya mteja akilia barabara mbovu: tukaliinua. Juu ya springi za nyuma, mahali palipokuwa pakiteseka zaidi, ziliwekwa spesa, yaani vipande vya mpira mgumu vinavyonyanyua bodi. Gari likasimama matako juu, na mwenyewe akafurahi.

Wiki iliyofuata nilitumwa kulipeleka Bungoma likarekebishwe rangi. Joy, karani wetu wa vipuri, alikuwa na shughuli huko, akapanda nami. Ilikuwa asubuhi, lami ilikuwa kavu, na sikuwa nakimbia. Tulipita Kiminini, tukapita Kamukuywa, na kwenye kona fulani mbele kidogo, ng'ombe akaingia barabarani. Nikaondoa mguu kwenye mafuta. Sikukanyaga breki, niliondoa mguu tu. Papo hapo mkia wa gari ukatupwa nje, tukazunguka, tukagonga kalivati la zege kando ya barabara. Mimi nilivunjika mfupa wa bega. Joy alivunjika mguu mahali pawili, na mpaka leo anachechemea.

Maneno yakaanza kabla hata sijatoka hospitali. Ati nilikuwa nashindana. Ati msichana na gari la mbio wapi na wapi? Wengine walisema nilikuwa kwenye simu. Meneja wetu wa wakati huo, Bwana Gicheru, akanisimamisha kazi, na wala simlaumu, kwa sababu gari lilikuwa limepimwa kwenye mashine yetu baada ya kuinuliwa na magurudumu yote yalionekana yamenyooka. Kama gari ni zima, mkosaji ni dereva. Nilikaa kwa mama yangu nikijua kwamba hakuna gereji kutoka Kitale hadi Bungoma itakayonipa tena ufunguo wa gari. Nililia sana, na nilifika mahali nikaanza kuamini kwamba kweli nilimvunja Joy mguu.

Mzee Wakhungu hakuamini. Alikuwa ameniona nikiendesha magari ya wateja kwa miaka, na alisema waziwazi kwamba mimi huendesha kama mtu aliyebeba mayai. Gari lilikuwa limebondeka mbele, ila nyuma hakukuguswa, kwa hiyo akaanzia huko. Alikagua matairi: upepo ulikuwa sawa, na yote yalikuwa ya umri mmoja. Akatikisa mikono ya springi, bushi, yale mapira ya kwenye maungio, zilikuwa ngumu. Shokomzoba hazikuvuja. Wenzake wakamwambia aache, si mashine imeshasema? Akawajibu kwamba mashine hupima gari lililosimama, na Chepkemoi hakuanguka akiwa amesimama.

Swali lake likawa moja tu: dereva akiondoa mguu kwenye mafuta, ni kitu gani hubadilika? Uzito hukimbilia mbele, pua huinama, nyuma huinuka. Basi akafunga uzi mrefu kandokando ya gari, ule mtindo wa zamani wa kupima kabla mashine hazijaja, kisha akaweka jeki chini ya bodi na kuinua nyuma kidogo kidogo huku akitazama uzi. Mikono inayoshika magurudumu ya nyuma ilikuwa tayari imelala mshazari kwa sababu ya zile spesa. Ilipoongezewa kainuko kadogo tu, ikayavuta magurudumu yakageuza vidole nje, kila moja likitaka kwenda njia yake. Alipopakia magunia ya mahindi kwenye buti, nyuma ikashuka na magurudumu yakanyooka. Alipoyatoa, yakapanuka tena. Hakukuwa na dereva duniani ambaye angelishika gari lile kwenye kona akiondoa mguu.

Sasa sikilizeni vizuri. Zile spesa alikuwa amezifunga yeye.

Hakuna aliyekuwa akikumbuka hivyo. Siku ile kazi zilikuwa nyingi na mafundi walikuwa wakipishana kwenye gari hilo. Mzee angeweza kuzitoa zile spesa kabla chai haijapoa, akazitupa kwenye pipa la vyuma, na dunia ingeendelea kunitupia mimi mawe. Alikuwa fundi mkuu mwenye sifa kutoka mji hadi mji. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini tuseme ukweli, wangapi wetu huvua?

Alimwita Bwana Gicheru, akamwita Bwana Kipkemboi, akawaita mafundi wote, akaniita na mimi na bega langu lililofungwa. Akainua gari kwa jeki mbele yetu, akatuonyesha uzi. Kisha akasimama, akafuta mikono, akasema, “Huyu dada hana makosa. Hii gari ni mimi niliinua. Kama ni jina mnatafuta, chukueni yangu.”

Bwana Kipkemboi alitoka nje, akakaa kwenye jiwe, na nikaona machozi yanamtoka, kwa sababu yeye ndiye aliyeomba gari liinuliwe.

Mimi nilirudishwa kazini, na jina lake kweli lilichukuliwa. Alivuliwa ukuu wa mafundi, na kwa muda mrefu akafanya kazi chini ya watu aliowafundisha yeye. Aligombeza vilevile. Kila Jumamosi alikuwa akienda hospitali ya Bungoma kumwona Joy, na mkewe, Mama Lenah, alimfungia kuku na ugali wa wimbi ampelekee. Mwanzoni Joy alikula kuku, akageukia ukutani bila kumwambia neno. Mzee alikaa tu kwenye kiti mpaka saa ya kuona wagonjwa ikaisha. Siku Joy alipofungua mdomo alimwambia, “Mzee, nimekusamehe, lakini mguu bado inauma.” Mzee alisema hakuna msamaha wa kweli kuliko huo. Leo Joy ndiye mkuu wa stoo yetu ya Bungoma, na ndiye aliyeagiza keki ya Ijumaa.

Gari jekundu lilirudishwa kimo chake cha kiwandani. Bwana Kipkemboi huliacha penye mwisho wa lami, akapanda pikipiki hadi nyumbani, na anasema sasa ana magari mawili. Gereji yetu haiinui tena gari la mbio, hata mteja apige magoti.

Ukuu wa mafundi ulirudi kwa Mzee baadaye, na alipoupata akaweka sheria tunayoifuata hadi leo katika matawi yote mawili: aliyekaza bolti ndiye hukaa kiti cha abiria gari likijaribiwa. Si msimamizi, si mwenye gari. Ni aliyekaza. Sheria hiyo imetufanya tukaze vizuri, haki ya nani, hasa siku Mzee anaposhika usukani kuelekea mteremko.

Mzee wetu, sherehe si mahali pa kulia, lakini mimi nitalia na mtanivumilia. Ulinirudishia jina langu kwa kutoa lako. Nina watoto wanaokula kwa kazi hii, na mkubwa wao anaitwa Noah. Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Kitale na Bungoma, asante. Mama Lenah, tunakurudishia mume akiwa mzima, kelele zake zote zikiwemo. Mungu awape afya, mvua kwa wakati wake, na mahindi yasiyoguswa na wadudu. Mulembe, yaani amani.

Limebaki jambo moja. Pijo kuukuu ya Mzee, gari ambalo nalo husukumwa na magurudumu ya nyuma, imebadilishwa springi wiki hii ili imfikishe nyumbani Bungoma, na kazi hiyo nimeifanya mimi. Kwa miaka yote hakuna bolti yangu iliyotoka gereji bila yeye kulala chini akaijaribu kwa spana. Jana nilimkabidhi ufunguo, akautia mfukoni, wala hakuinama kuangalia. Ijumaa tukishamaliza keki ataendesha mwenyewe hadi kwake, kupitia Kamukuywa na ile kona. Kiti cha abiria nitakaa mimi, kwa sababu niliyekaza ni mimi.