Bomoeni Chumba Changu Ningali Nasikia

Sarjono, zima hiyo redio. Na wewe Wuryani, acha kunipepea, mimi si mkaa. Kaeni hapa mkekani wote wawili mnisikilize, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusemea, si ya kubishania, na leo ni Alhamisi, na Jumatatu asubuhi yule bwana wa ofisi ya jiji anakuja na futi yake kuupima mtaa.

Mlidhani sijui. Mficha maradhi, kilio humfichua. Juzi Wuryani ulipovuta mkeka ufagie, niliuona ule mstari mwekundu wa rangi sakafuni, umepita chini ya kitanda changu, kichwa changu kiko upande wa mto na miguu iko upande wa nyumba, nikajua kwamba kila nyumba ya ukingoni imekwisha kukatwa, imebaki hii yetu tu, na imebaki kwa sababu yangu. Jana alasiri mkadhani nimelala, nikawasikia majirani chini ya dirisha, wananong'ona kama wezi wa kuku.

"Leo amekula?" Huyo ni Pak Kasdi, mwenyekiti wetu wa mtaa.

"Kijiko cha uji," akajibu jirani yetu Painah. "Lakini ulimi mzima kabisa. Ameutukana mfereji wangu tena."

"Basi tungoje. Utagongaje nyundo juu ya kichwa cha mgonjwa? Aibu hiyo."

"Na akifa kesho je? Nyumba ya msiba haigongwi mpaka arobaini ipite. Jumatatu inangoja arobaini ya mtu, Pak?"

"Sasa nani atamwambia?"

Mtaa mzima wenye midomo ya kuuza samaki sokoni, hakupatikana hata mmoja wa kumwambia bibi kizee ahamishe kitanda. Ndiyo adabu yetu hiyo, wanangu, tunaona haya mpaka tunazama, na mimi naiogopa adabu hii kuliko ninavyoliogopa kaburi, kwa sababu najua ilichowafanyia watu wa ng'ambo ya mto.

Mlikuwa watu wazima, msijifanye mmesahau. Waliitwa mkutanoni, wakavaa batiki zao nzuri, wakakaa, wakapewa vikeki ndani ya maboksi, na bwana mmoja akawaonyesha picha ya bustani na taa mahali palipokuwa na nyumba zao, akauliza kama kuna mwenye neno. Nani amkatize mgeni? Wakainamisha vichwa, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze, wakarudi nyumbani na vikeki vyao. Kimya kile kikahesabiwa kuwa wamekubali. Mashine ya kubomolea ilipokuja, dada yangu Saminem alitoka na sufuria ya wali ikiwa bado inafuka moshi, akasimama barabarani ameishika kwa upande wa kanga, hajui aitue wapi. Wakampeleka kwenye jengo refu nje ya mji, juu kabisa, naye tangu azaliwe hajawahi kulala mahali asiposikia maji. Alipokufa huko, jeneza halikuenea kwenye lifti. Wakamsimamisha. Wakamteremsha dada yangu amesimama, amefungwa kamba kama mikeka ya kupeleka sokoni, na mimi nilikuwa mle ndani ya lifti pamoja naye, uso wangu na uso wake. Toka siku ile kila lori likinguruma darajani moyo wangu unakwenda chini ya kitanda.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Ndiyo maana sisi tulipoitwa hatukula vikeki. Tulichora mto kwa chaki kwenye uwanja wa mpira wa vinyoya, kila nyumba ikaweka ndala moja mahali pake, tukaambiana, jiji linataka njia ukingoni, haya, tuzirudishe nyumba zetu nyuma sisi wenyewe kabla hatujarudishwa. Tulitukanana siku nyingi juu ya zile ndala. Painah aliisukuma ndala yangu kwa kidole cha mguu, nikamwambia, "Dada, mguu huo ukivuka tena nitaufanyia supu," naye akasema supu yangu haijawahi kuwa na nyama, itafaa. Lakini mwisho niliinama na kiuno changu hiki, nikaivuta ndala yangu nyuma kwa mkono wangu. Kila mtu aliona. Bwana wa jiji akatoa neno lake: nyumba zote zikirudi nyuma ya mstari, mtaa unabaki, ikijitokeza hata moja, makubaliano yamekufa, mashine inavuka daraja.

Sarjono, nakujua. Unasema moyoni, mama akishapumzika ndipo tutabomoa. Huo ni upendo, na ndani ya upendo huo kuna tamaa kidogo ya kile kibanda cha tambi ulichotaka kukifungua kwenye chumba hiki, usiniangalie hivyo, nimekuzaa mimi. Lakini nitakurithisha nini? Ardhi hii haina hati, mwanangu. Tuna kukaa kwetu tu, na majirani waliokaa nasi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nakwambia usipoubomoa ukuta huu utalala nje, wewe na kila aliyeirudisha ndala yake akikuamini. Painah amekata nusu ya jiko lake. Anapikia mvuani, halafu ananiletea uji mimi.

Basi sikieni ninavyousia. Sehemu ya nyumba itakayobaki msiigawe, kaeni pamoja mgombane pamoja. Mlango mkuu sasa uelekee mtoni, tusiupe mto kisogo tena, maana tulipoupa kisogo tuliutupia takataka, nao ukatulipa maji kila mwaka hadi magotini. Jiwe langu la kusagia dawa ni la Wuryani. Na wewe Wuryani, mkutano ukiitwa usiende nyuma kukaanga tempe za soya, keti mbele, na wakiuliza nani ana neno, uwe nalo, hata kama ni baya, hata sauti ikitetemeka. Ugomvi wangu na Painah wa mfereji msiurithi, nakwenda nao mwenyewe. Painah ndiye anioshe. Ana mikono yenye nguvu, na kwa mara ya kwanza hatajibiwa.

Arobaini yangu isomeni, lakini kazi isingoje arobaini.

Sasa ninyanyueni mnipeleke jikoni, nyuma ya mstari. Polepole... hapo, karibu na ukuta. Naogopa, wanangu, sitawadanganya. Naogopa giza, naogopa ile lifti, naogopa zaidi nisikie mashine darajani na mimi sina miguu ya kutoka. Sarjono, chukua nyundo. Anza na ukuta wa mtoni. Nataka sauti ya mwisho nitakayoisikia iwe ya mkono wa mwanangu, isiwe ya chuma cha watu.

Mungu awape... awape ndimi zisizoona haya. Awape majirani wabishi. Msizeeke mahali pasipo na wa kugombana naye... Wuryani, nishike. Siyo hapo, mkono.

Mbona kimya? Sarjono? Usinionee haya, mwana wee, haya ndiyo iliyowamaliza wale wa ng'ambo... Kasdi anangoja uanze, Painah anangoja, wote wako pale nje wameinamisha vichwa, nawajua. Mbona kimya? Wuryani, mwambie kaka yako...

Ehee.

Hiyo.

Tena.