Muhuri wa Marehemu Théodore Mukalay (1973–2025)

Théodore Mukalay alizaliwa tarehe 14 Machi 1973 huko Kalemie, mtoto wa kwanza wa Papa Alexis na Mama Béatrice. Alisoma hukohuko hadi sekondari, kisha akajifunza ufundi wa mitambo Lubumbashi. Mwaka 1999 alifika Johannesburg, akapanga chumba mtaa wa Bellevue, akawa analinda magari mchana na jioni anasoma upya chuoni, safari hii kwa Kiingereza.

Mwaka 2005 aliajiriwa na kiwanda cha vipuri vya ndege, mashariki ya jiji, na baadaye akawa mkaguzi. Kila mkaguzi pale hupewa muhuri wake wenye namba, anaoupiga kuthibitisha kwamba kipuri amekiona kwa macho yake, na kipuri kisichopigwa muhuri hakitoki. Wa Théodore ulikuwa namba 41. Alitembea nao mfukoni, hata kanisani.

Tarehe 12 Septemba 2009 alifunga ndoa na Célestine. Wageni walikuwa wameshaketi ukumbini Gaston, mwenzake wa kiwandani, alipoingia amevaa ovaroli.

"Kaka, bawaba za milango zinaondoka leo. Bosi anasema unipe muhuri tu, wewe uendelee kucheza."

"Nani ameziangalia?"

"Eish, Théo, si ni zilezile za kila wiki?"

"Za wiki hii sijaziona."

Célestine ndiye aliyekata maneno. "Nenda ukazione. Wali utaukuta."

Alikwenda na suti yake ya harusi. Bawaba kadhaa zilikuwa na nyufa kwenye matundu, akazuia mzigo wote, akarudi kukata keki shati likiwa na grisi. Jumatatu alisimamishwa kazi. Kibali chake cha kuishi nchini kilitegemea ajira ile, na nyumbani sisi wa familia tulianza kuongea kwa sauti ya chini. Aliwaeleza wakaguzi wa serikali alichokiona. Walikuja, wakaziona nyufa, naye akarudishwa kazini.

Mwaka 2017 aliipeleka familia Lubumbashi kwa ndege. Kabla haijapaa alikuwa amefunga macho. Binti yake Gaëlle akamuuliza kwa Kiingereza kama haogopi. "Kuogopa ni kule kiwandani, mwanangu," alijibu. "Hapa ni kulala."

Agosti 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Hospitalini hakulalamika, ila aliulizia muhuri.

"Uko kwenye mkoba wangu," Célestine alimwambia.

"Uharibiwe. Nikishaondoka, sitakuwa nimeona kitu tena."

Alifariki alfajiri ya Jumatatu, 2 Juni 2025, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe.

Ameacha mjane, Célestine. Watoto, Gaëlle na Alexis. Mama yake mzazi huko Kalemie. Na dada yake, Agnès.

Alhamisi hii Gaston aliupeleka muhuri kiwandani, na namba yake ikakwanguliwa Célestine akitazama. Hakuna atakayepewa namba 41. Théodore alale salama, kama alivyolala siku ile ndani ya ndege.