Virginie Nkandu na Nafasi ya Jina ya Tatu

Kiisha miaka makumi tatu na moja ya kazi, tarehe 30 mwezi wa sita, Kasongo Nkandu Virginie anaingia mu retraite, anapumuzika kazi. Benzake ba informatique, ba kazi ya ordinateur, baliniomba miye mama yake niandike hii. Balifanya muzuri: mwenye alimuzaa haone haya kumusifu.

Aliingia mu société ya simu wakati bantu balikuwa bangali banaogopa kugusa ordinateur. Kisha bakamupatia kazi ya kadi: ile unatumia mwenzako mu simu, anafinya, jina, namba na anwani vinaingia vyenyewe. Ili simu za inchi zote zisomane, inaomba kanuni moja, na iko comité ya bantu ba inchi mingi yenye inaipanga. Mutoto ya Bel-Air, mutaa wetu, alikuwa ndani. Bel-Air yote, ni yeye tu.

Kadi ilikuwa inakatala anwani yenye haina code postal, namba ya posta ya mutaa, na siye hapa hatuna. Sylvain, chef yake, akasema: "Weka zero, twende tukakule." Virginie akajibu: "Chef, mama yangu haishi ku zero. Anaishi Bel-Air." Ile, comité ilikubali: kadi ikapita bila code.

Jina njo ilimushinda. Kadi iko na nafasi mbili tu: ya prénom, kama Virginie, na ya nom, kama Kasongo. Postnom, jina ya mukubwa yenye tunarudishia mutoto, kama Nkandu, inaanguka. Kaka yake Elisée alianguka ku chantier, kwenye balikuwa banajenga, Likasi. Mu simu ya chantier mulikuwa kadi mbili, zote "Elisée Kasongo". Bakaita jamaa ya ule mwingine. Kule Kenya, commune ya muji wetu, bakalilia muntu muzima. Siye tulikuwa nyumbani, tunakula. Elisée wetu alikufa bila muntu wa kwabo kumushika mukono.

Tangu pale Virginie aliandikia comité kila mwaka: mupatie postnom nafasi yake. Banajibu: weka mu remarques, kwenye maneno ya ziada. Mwezi uliopita tena vile. Kadi za société yetu zinabeba majina yote tatu, ni kazi yake. Zikivuka mupaka, moja inaanguka. Anatoka bila kuipata.

Ephraïm, mwenye anabaki ku ile kazi, aksanti, usichoke kubaandikia.

Na weye, binti yangu, aksanti. Uende ku shamba yako ya Kasungami ulime mahindi yako, afya ikufuate, ulale bila kungojea jibu yabo. Kila mwenye atasimama kukusifu ku sherehe akuite Kasongo Nkandu Virginie, polepole, yote tatu. Kiisha aite na Kasongo Kalenga Elisée.