Bi Wembe, Mkata Kingo za Kofia

Ndugu waombolezaji, majirani wa barabara ya soko, wanakwaya na wateja wetu, mliobaki juani tunaomba msogee ndani ya turubai, nafasi bado ipo. Anayewasomea kwa niaba ya familia ni wifi wa marehemu, na aliyempa kazi hii ni marehemu mwenyewe, ambaye alitaka historia yake isomwe na mtu atakayesema kweli, kwa kuwa sifa za uongo alizichoka angali hai.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Bi Wembe, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa nne kati ya mabinti watano wa seremala na mshona magodoro. Katika nyumba hiyo nguo zilirithiwa kuanzia kwa mkubwa, hivyo gauni lilipomfikia yeye lilikuwa limeshavaliwa na dada watatu, na mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu, hata akipewa kikombe, alikificha uvunguni ili asikinywee mwingine. Wivu, kwa hiyo, hakuukuta kwenye ndoa, alikwenda nao.

Alianza shule ya msingi Januari 1959, akamaliza darasa la saba mwaka 1965 akiwa hodari wa hesabu, kisha akajiunga na chuo cha ushonaji, ambako alitunukiwa cheti tarehe 30 Novemba 1969. Mwezi Januari 1970 aliajiriwa kushona utepe katika duka la kofia la baba yetu, na humo akamkuta kaka yetu, kijana mpole, mwenye vidole virefu, asiye na neno tamu hata la dawa. Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, na Jumamosi tarehe 2 Septemba 1972 wakafunga ndoa. Walijaliwa watoto wanne, waliozaliwa mwaka 1973, 1975, 1978 na 1984, na wote wako hapa pamoja na wajukuu tisa.

Sasa tuje kwenye kazi, maana huko ndiko walikoishi, nyumbani walikwenda kulala tu. Kofia ya pama ikitoka kwenye kalibu inayoipa umbo, ukingo wake huwa mpana mno, lazima upunguzwe, na kiasi cha kupunguza hakipimwi mezani, kinapimwa usoni kwa mteja: fundi humvisha kofia, akasimama mbele yake, akamwinua kidevu kwa kidole, akamtazama kwa muda, ndipo akatia alama ya chaki. Aliyekuwa akiwainua wanawake videvu dukani alikuwa kaka yetu. Bi Wembe, kwenye kiti chake cha utepe, alivumilia jambo hilo miezi mitatu ya ndoa, roho ikimuuma, sindano ikimchoma kidole kila alipoingia mteja wa kike, na mwezi wa nne akatangaza kwamba anataka kujifunza kukata. Kaka alifurahi, masikini, akadhani amepata msaidizi.

Kibao cha kukatia, chenye wembe kwenye ncha, huegemezwa kwenye kichwa cha kofia na kuzungushwa mara moja bila kusimama, kwa sababu mkono ukisita, ukingo unabaki na pengo, na sufu ikishakatwa hairudi. Bi Wembe aliharibu kofia nyingi, baba mkwe wake akanuna, lakini hakuacha, na ilipofika mwaka 1974 kaka yetu alijikuta amehamishiwa chumba cha nyuma pamoja na birika la mvuke na pasi, mkewe yuko mbele na chaki, anawainua wanawake videvu mwenyewe. Hata wifi yake huyu anayesoma, aliyezoea kumpelekea kaka yake chakula cha mchana, aliambiwa kwa upole kwamba chakula kinaweza kuachwa mlangoni.

Pamoja na hayo, fundi huyu hakuwa na kofia hata moja, miaka yote alifunga kitambaa. Wenye midomo walisema mganga hajigangi. Ukweli, ambao alimwambia wifi yake peke yake, ni kwamba alikuwa akisubiri mumewe amtengenezee bila kuombwa, amtazame kwa muda kama alivyokuwa akiwatazama wale, aseme, hii inakufaa. Kaka hakusema, na mwenzake aliumia kwa kweli.

Jumamosi tarehe 11 Julai 1981 akaingia dukani mwalimu wa kwaya, mama mrefu, mjane, ambaye tunaye hapa, akachagua pama la kijani lenye ukingo mpana kama sinia. Kaka yetu alikuwa anapita na ndoo ya maji, akatupa jicho, akasema ukingo huo usiguswe, unamfaa vilevile ulivyo. Karibu miaka tisa ya ndoa, na neno lile likamwangukia mwanamke mwingine, bure, kutoka kwa mtu aliyebeba ndoo. Bi Wembe aliichukua kofia, akatia alama vidole viwili tu kutoka kichwani, na kibao kikazunguka. Alikusudia kumharibia, hilo amelisema mwenyewe miaka yote, hata mbele ya mwenye kofia. Mwalimu akajitazama kwenye kioo, akageuka kushoto, akageuka kulia, akapiga vigelegele, maana kwa mara ya kwanza macho yake yalionekana, na Jumatatu akarudi na akina mama wote wa kwaya, ishirini na sita, kila mmoja anataka ukingo wa vidole viwili. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Mtindo huo ulienea, duka likapanuliwa mwaka 1985, naye akawa fundi mkuu mpaka alipostaafu tarehe 31 Desemba 2011, akiwa amefundisha mafundi wengi. Foleni ya wanawake ilipozidi, aliwahudumia wote kwa uso mkunjufu, na mlango wa chumba cha nyuma akiwa ameufunga kwa ufunguo.

Mwezi Februari 2015 alianza kusumbuliwa na figo, akawa wa kuingia na kutoka hospitali. Alasiri ya tarehe 3 Machi 2016, wodini, mbele ya watoto wake, alimuuliza mumewe kwa nini katika miaka arobaini na mitatu hakuwahi kumtengenezea kofia. Kaka alishangaa, akajibu kwamba alidhani mkewe anazichukia kofia, maana hajawahi kuona mtu anayezikata kwa hasira namna ile. Marehemu alicheka mpaka muuguzi akaja kuona kuna nini, kisha akalia, kisha akamfukuza muuguzi.

Kaka alikwenda akachagua sufu ya kahawia, akaitia kwenye kalibu, akaileta wodini ikiwa kofia, akamvisha mkewe, akamwinua kidevu, akamtazama muda mrefu, akatia chaki, na kabla hajaondoka akasema, inakufaa. Lakini kibao alikuwa hajakishika tangu mwaka 1974, mkono ukasita njiani, na kofia ikarudi na pengo upande wa kushoto, kazi ambayo mwanafunzi angeileta angerudishwa kwao. Bi Wembe aliona pengo kabla ya kofia, akaivaa. Aliivaa akila, aliivaa akipimwa presha, na mwalimu wa kwaya alipoomba aijaribu mara moja tu, aliambiwa kwamba mengine yote wameshirikiana, hili hapana. Alifariki Jumanne tarehe 10 Mei 2016, saa nne asubuhi, mumewe akiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari, na wauguzi wa wodi ya pili, hasa wale waliovumilia kuulizwa wanamchekea nini mume wa mgonjwa, majirani waliopika na kulala nasi, mafundi wa duka, na mwalimu wa kwaya, aliyemwogesha marehemu siku ambazo sisi hatukuweza.

Mwisho, marehemu aliacha wosia kwamba mumewe, ikimpendeza, aoe tena, asizeeke peke yake, na kesho yake akamwita wifi yake akaufuta, akatoa wa pili kwamba asioe. Familia inautangaza huo wa pili, na kaka ameusikia, hana rufaa.

Pumzika kwa amani, wifi, wala usiinue kichwa kuangalia nani kakaa karibu na mumeo, ni wako.